Ushuhuda wa Mguu

Mteja akiingia ofisini kwangu mara ya kwanza humpa kiti, humpa maji ya kunywa, kisha humsomea mambo yake kabla hajafungua mdomo. Usitie sahihi karatasi yoyote uliyoletewa kitandani hospitali. Mwenye gari akija kukutazama na sukari na soda, pokea, mshukuru, lakini usimwambie "yamekwisha". Usimwambie polisi kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu, kwa sababu polisi ataandika hivyo hivyo, na Mungu hakukata bima. Usipige picha ukiwa unacheka. Usiende harusini ukacheza. Nimeyasema haya kwa miaka mingi katika ofisi ile ile ya ghorofani hapa Mbarara, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, mpaka harufu ya dawa ya kupe kwangu mimi imekuwa ndiyo harufu ya sheria.

Mawakili wenzangu huniita, kwa mzaha wao usiochekesha, wakili wa miguu iliyovunjika. Sikatai. Wao wana viwanja, mirathi na ng'ombe walioingia shamba la jirani. Mimi nina barabara. Nina lugha pia. Babu yangu mzaa baba aliingia mji huu na biashara ya vitambaa na Kiswahili chake, na nyumbani kwetu, nyuma ya msikiti, tulikizungumza tukila. Shuleni nilichekwa kwa ajili yake, maana Waganda wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya askari na ya mwizi anayekutisha gizani. Leo lugha hiyo ndiyo inayonilisha. Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale akigongwa na gari, akaulizia mjini wakili atakayemsikia bila mkalimani, huonyeshwa ngazi zangu. Huko kambini wananiita mama avoka, yaani mama wakili.

Niseme na hili la bima, kwa kuwa watu hulielewa vibaya. Wateja wangu huja wakidhani kampuni ya bima ni jambazi. Jambazi ana haraka. Kampuni ya bima ina subira, na ndiyo maana mimi naihofia zaidi. Inajua kwamba umelala kitandani na watoto wanataka karo, kwa hiyo inakuandikia barua yenye adabu, inakupa pole, inaomba karatasi nyingine, halafu inangoja. Na ile bima ya lazima, ile stika ya kwenye kioo ambayo dereva hununua ili trafiki asimsumbue, malipo yake ni madogo kiasi cha kutia aibu. Ukitaka haki yenye maana inabidi umshtaki mwenye gari, uthibitishe uzembe wa dereva wake, ndipo bima yake ile kubwa, kama anayo, iamke usingizini. Haya nayasema bure kwa yeyote, hata kwa boda anayenipeleka sokoni, na yeye huitikia "ndiyo, madam" bila kusikiliza.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu nilipoianza kazi hii ni kwamba ingenifanya niwe mtu wa siku mbaya za wengine. Nakutana na mtu akiwa amefungwa plasta, namjua hadi ndani, najua analala upande gani na anaogopa nini, kisha kesi inaisha na hanijui tena. Tukikutana sokoni anageukia nyanya. Simlaumu, nani anataka kukumbushwa? Mume wangu alihamia Kampala kwa ajili ya kazi, akabaki huko kwa ajili ya mke mwingine. Mwanangu yuko Doha, hunipigia Ijumaa baada ya sala, tunaulizana habari za joto na mvua hadi maneno yanakwisha. Napika wali wa mtu mmoja, na wali wa mtu mmoja haujawahi kunikubali: ama uungue, ama ubaki.

Kwa hiyo huyu mama ninayetaka kusimulia habari zake alinikuta nikiwa hivyo, ingawa wakati ule nisingekubali kusema.

Alikuwa rika langu, Mkongomani wa upande wa Fizi, mjane, mwenye binti wawili wakubwa. Kule Nakivale aliuza ndagala sokoni, wale dagaa wadogo wa kukaushwa, na mara kwa mara alitoka kwenda Masha kununua maharage kwa wakulima ili ayauze kambini. Siku ile alikuwa amesimama pembeni ya barabara na gunia lake, anangoja usafiri wa kurudi. Lori lililobeba ndizi za matoke likashuka kilima bila breki, likaacha barabara, likamfuata pale pale aliposimama. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti. Hospitali walimtia chuma. Baada ya miezi kadhaa daktari aliandika kwamba mfupa umekataa kushikana: ulitakiwa kufunguliwa tena, achukuliwe kipande cha mfupa nyongani kikapandikizwe pale, na vifaa anunue mwenyewe. Ukichelewa, aliandika, mguu hautaokoka. Kwa hiyo kesi yetu haikuwa na mafumbo. Bima ya lile lori ikilipa, ana mguu. Isipolipa, hana.

Nilifungua kesi, nikaifuatilia kama mwendawazimu. Nilikwenda kituo cha polisi kuitafuta ripoti ya ajali hadi askari wa zamu akichungulia dirishani na kuniona anaanza kucheka. "Madam, wewe nakuja tena? File iko, lakini yenye iko na ufunguo hayuko." Siku ya pili mwenye ufunguo yuko na faili haipo. Nilikaa kwenye benchi lao nikala chapati yenye mayai na kusoma gazeti lao lote, hadi wakachoka kuniona kabla mimi sijachoka kungoja. Ripoti ikatoka. Iliandika wazi kwamba breki za lori zilikuwa mbovu na mwenye lori alikwisha ambiwa.

Yule mama naye alianza tabia ambayo sikuizoea. Kila asubuhi alinipigia simu. Si habari ya kesi. "Mama avoka, umeamukaje?" Nami nilijibu kwa haraka kwamba nimeamka salama, una shida gani? "Hapana shida. Nauliza tu." Kisha anakata, maana salio la kuzungumza hana. Mwanzoni ilinikera sana. Niko na mswaki mdomoni, simu inalia, nadhani ameanguka, kumbe anataka kujua nimeamkaje. Baadaye nikajikuta napiga mswaki mapema ili simu inikute niko tayari. Siku mtandao wa kambini ukikatika nilikwenda ofisini roho juu juu, namgombeza kila mtu ngazini. Nilikuwa nimefika umri huo bila kutambua kwamba hakuna mwingine aliyeniuliza.

Siku chache kabla ya kesi kusikilizwa, wakili wa upande wa bima alipanda ngazi zangu. Kijana mzuri, mwenye heshima, suti yake imemkaa. Aliniamkia vizuri, akaomba ruhusa, akafungua kompyuta mezani. "Mama," akasema, "nimeona ni adabu nikuonyeshe kabla ya kuionyesha mahakama."

Ilikuwa video ya kanisani. Nililijua kanisa lile la mabati pale kambini, na turubai iliyoandikwa aya ya Biblia nyuma ya mimbari. Kinanda kinapigwa, kwaya imevaa sare ya kitenge cha kijani. Na mteja wangu yuko mbele, na magongo yake kwapani, kipaza sauti mdomoni. Anasema Mungu amemponya mguu. Anasema haleluya. Kisha anayaachia magongo, yanaanguka moja baada ya jingine, na anatembea mbele ya watu kutoka upande wa kwaya hadi upande wa wazee wa kanisa, kichwa juu, mikono juu, na vigelegele vinapigwa hadi sauti ya kinanda inazama.

Tarehe ya video ilikuwa baada ya ripoti ya daktari. Kijana hakuhitaji kunieleza. Daktari aliandika kwamba haponi. Mwenyewe, mbele ya watu, baada ya hapo, anasema amepona na anatembea. Kanisa lenyewe ndilo lililoisambaza, kwenye simu za waumini, kwa furaha. Kampuni haikumtuma hata mpelelezi.

Niliwaambia wateja wangu wasicheze harusini. Sikuwahi kumwambia mtu asiponywe kanisani, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu hakuna kitabu cha sheria kilichonifundisha.

Kesho yake nilichukua gari nikaenda Nakivale. Barabara ilikuwa vumbi tupu, ng'ombe wenye pembe ndefu wamesimama katikati yake kama wenye hati miliki, na mimi hasira zimenifika kooni. Nilijipanga njia nzima. Nitamwambia umenidanganya. Nitamwambia nimekaa kwenye benchi la polisi kwa ajili yako. Nilipofika nilimkuta amekaa mlangoni kwake juu ya mkeka, mguu ameuweka juu ya gunia la nguo, umevimba hadi ngozi inang'aa, na magongo yako kando yake.

Nikasimama. Yale niliyoyapanga yote yakanitoka.

"Karibu, mama avoka," akasema. "Ukaye. Unaonekana umechoka."

Nilimuuliza kwa nini. Akashangaa kwamba nauliza. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kisimani. "Kwetu mu kanisa, hatungojake kupona ndio tushuhudie. Ukingoja, ile si imani. Unashuhudia kwanza mbele ya batu, kupona kunakukuta mu njia. Miye nilishuhudia. Sasa nangoja kunikute."

"Na zile hatua?"

"Nilitembea na imani." Alicheka kidogo. "Kufika nyuma ya rido, bamama babili bakanishika. Nikapoteza fahamu. Ile haiko mu video."

Kwa hiyo kanisa zima lilijua kwamba hatembei. Kwaya ilijua, mapasta walijua, wale kina mama waliomshika nyuma ya pazia walijua. Wangetosha kuwa mashahidi. Nilikwenda kwa pasta siku ile ile. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti cha plastiki na soda ya machungwa, na nilipomwomba aje mahakamani kueleza jinsi wanavyoshuhudia, akatazama mlango. "Mama, mimi niko na kanisa," akasema. "Nikienda kusema mbele ya serikali kama ushuhuda haujatimia, Jumapili nitahubiri nini?" Pale mbele yake sikuweza hata kumkasirikia. Alisema kweli yake.

Nikarudi kwa mama. Nikamwambia basi twende hospitali, upigwe eksirei mpya, picha itasema yenyewe. Akakataa. Aliyeponywa haendi kupimwa. Kwenda kupimwa ni kumwambia Mungu kwamba unamshuku. Ningeweza kuiomba mahakama iamuru apimwe, lakini wakili anayemburuta mteja wake mwenyewe amekwisha acha kuwa wakili wake. Nikamwambia mwisho wa mambo. Utaulizwa kama umepona. Sema sijapona. Neno moja tu. Sema hapo awali nilisema kwa imani, lakini mguu bado. Hakimu atakuelewa, mimi nitamalizia.

Alisugua ngozi ya mguu ule kwa kiganja, taratibu.

"Ile neno siwezi," akasema. "Nilishakaitoa mbele ya Mungu na batu. Nikiirudisha, nitabaki na nini? Mguu muzima na Mungu hayuko?"

"Utabaki na mguu," nikasema. "Utatembea."

"Weye ni mutu muzuri, mama avoka," akasema, na akanishika mkono. "Lakini ile siwezi."

Niliendesha gari kurudi mjini nikiwa nalia, na kwa kuwa siyo kawaida yangu nililia vibaya, kwa kelele, vioo vimefungwa. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia pasta, nikamkasirikia na Mungu wao, ambaye ndiye Mungu wangu pia, kwa kuwaacha wafike hapo. Asubuhi simu ikalia kama kawaida. "Umeamukaje?" Nikasema nimeamka salama.

Siku ya kesi ilikuja na mvua. Alivaa kitenge cha kijani, kile kile cha kwenye video. Nilikiona nikafa moyo, lakini kulikuwa hakuna muda wa kubadilisha. Chumba cha mahakama kilikuwa na watu wachache: hakimu, karani, mkalimani wa mahakama, binti zake wawili benchi la nyuma, mimi, yule kijana. Nilimwongoza katika ushahidi wake na alieleza vizuri ajali, gunia la maharage, lori, hospitali. Alieleza bila kutia chumvi, hakimu akawa anaandika. Kisha kijana akasimama, akaonyesha video. Vigelegele vya kanisani vikajaa chumba cha mahakama. Hakimu aliondoa miwani.

"Mama, huyu ni wewe?" kijana akamuuliza.

"Ni miye."

"Ulisema nini pale?"

"Nilisema Mungu ameniponya mguu."

"Ulisema kweli, au ulisema uongo?"

Nilimtazama. Sikuruhusiwa kumpa hata ishara, na sikumpa, lakini nadhani uso wangu wote ulikuwa unamwomba. Alishika ukingo wa kizimba.

"Nilisema kweli," akasema.

Kijana akageuka kwa hakimu. Akaomba, kwa unyenyekevu, kwamba kwa kuwa mdai mwenyewe anakiri kuponywa, aombwe kutembea kutoka kizimbani hadi mlangoni bila magongo, mahakama ijionee. Hilo ni jambo la kupingwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelipinga. Nilikuwa nimeinuka nusu, pingamizi liko ulimini, na hakimu ananitazama akingoja niseme ili anikubalie.

Nikakaa chini.

Nilikaa kwa sababu niliona mlango mmoja tu uliobaki. Ninajua sheria vizuri, na sheria ilikuwa imekwisha. Yule mama hakuweza kusema hajapona, pasta hakuweza, eksirei hakuitaka. Kilichobaki ni mguu wenyewe. Akiyaacha magongo na kuanguka, kesi ni yetu na atapasuliwa na atapona. Akifika mlangoni, atakuwa ameshinda mbele ya Mungu wake, na baada ya muda watamkata ule mguu. Nikainamisha kichwa nikaanza kuomba, mimi ambaye sala zangu nyingi ni za haraka haraka. Ya Rabi, nikasema, asifike. Usimponye leo. Mponye kesho, mponye baada ya hukumu, mponye ukitaka hata kesho kutwa, lakini leo mwangushe.

Sijui kama kuna upweke mwingine wa namna ile. Chumba kina watu, kila mmoja anamtazama kwa huruma, hata yule kijana, hata karani. Binti zake nyuma nawasikia wananong'ona "Yesu, Yesu". Na mimi peke yangu, mtu ambaye yule mama humpigia simu kila asubuhi, namwomba Mungu ampige chini.

Aliyaegemeza magongo kwenye kizimba, hakuyatupa. Akainua kichwa kama siku ile ya kanisani. Hatua za mwanzo zilikwenda. Zilikwenda vizuri hivi kwamba nilidhani anafika. Alipita meza yangu karibu sana, kitenge chake kikagusa karatasi zangu, na niliona jasho limemtoka juu ya mdomo. Kisha mguu ukakunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Akaanguka kwa ubavu kati ya benchi na ukuta.

Kijana wa bima alikuwa wa kwanza kumfikia. Alipiga magoti, tai yake ikaburuta sakafuni, akawa anarudia "pole mama, pole mama, nisamehe". Hakimu alikuwa amesimama. Mimi nilifika wa mwisho. Yule mama hakulia wala hakuita. Alikuwa anatazama dari, na aliponiona aligeuza macho haraka ukutani.

Hapo nikajua ameniona. Amepita pale mezani, ameona midomo yangu inacheza, amejua nilichokuwa naomba.

Yaliyofuata ni ya kawaida ya kazi yetu na sina haja ya kuyarefusha. Hakimu aliamuru apelekwe hospitali akapigwe picha, na amri ya hakimu hakuikataa. Mfupa ulikuwa haujashikana hata kidogo. Kampuni ya bima, ile yenye subira isiyo na mwisho, ghafla ikawa na haraka ya kupatana nje ya mahakama, na mimi niliibana vilivyo kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimeishiwa na huruma. Akapasuliwa. Mfupa wa nyonga ukapandikizwa. Madaktari walifurahi.

Lakini asubuhi simu haikulia tena.

Siku ya kwanza nilidhani ni mtandao. Siku zilizofuata nilijua si mtandao. Nilimtumia binti yake mkubwa salamu, akajibu kwa heshima kwamba mama anaendelea vizuri. Nilifika hospitali mara moja, nikaambiwa amelala, nikaacha ndizi na maziwa nikaondoka bila kugombana na muuguzi, jambo ambalo peke yake linaonyesha hali niliyokuwa nayo. Sikurudi. Ningekwenda kumwambia nini? Nilirudia tabia zangu za zamani. Nilipiga mswaki wakati wowote. Wateja wapya walikuja na plasta zao nikawasomea yale mambo yangu: usitie sahihi, usiseme yamekwisha, usicheze harusini. Mvua zikaisha, kiangazi kikaja, duka la chini likapata mteja wa dawa nyingi za kupe na harufu ikapanda hadi kwenye chai yangu. Sikujuta kwamba niliomba vile, na nikirudishwa pale nitaomba vile vile. Ila nilimkosa.

Kisha asubuhi moja simu ikalia. Nilikuwa na mswaki mdomoni.

"Mama avoka. Umeamukaje?"

Nilitema nikajibu kwamba nimeamka salama. Akasema wamepata safari. Shirika la wakimbizi linawapeleka Kanada, yeye na mabinti, wiki ile ile, na hataki kuondoka bila kula na mimi.

Alinipokea njiani kwa miguu yake. Alikuwa na fimbo moja tu, na anachechemea kidogo, na alikuja kasi kunilaki mpaka nikaogopa. Nyumba ilikuwa tayari imekwisha gawiwa: masufuria kwa jirani, mkeka kwa mwingine, ukuta umebaki na misumari mitupu. Walikuwa wameacha sahani za chakula cha siku ile tu. Tulikaa chini, tukanawa, tukala fufu, ule ugali wao wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, na ndagala, mabinti wakatoka kwenda kuaga, tukabaki wawili. Nilikuwa nakula bila kusikia ladha, maana nilijua anataka kusema jambo.

"Siku ya kortini," akasema, "nilipopita pa meza yako, niliona midomo yako. Ulikuwa unaomba?"

"Nilikuwa naomba."

"Uliomba nini?"

Nimefundisha watu maisha yangu yote namna ya kujibu swali kama hilo. Jibu fupi. Usiongeze. Ukiweza, sema hukumbuki. Nilimtazama huyu mama aliyekataa kutamka neno moja ambalo lingempa mguu, na sikuweza kumpa jibu la kimahakama.

"Niliomba uanguke," nikasema.

Aliweka tonge lake sahanini. Mimi nikawa najiandaa kuondoka, natafuta viatu vyangu kwa macho.

"Na miye," akasema.

Sikuelewa. Akanikamata mkono, na vidole vyake vina fufu.

"Na miye niliomba vile! Miye sikuweza kusema na kinywa yangu kama sijapona. Nikamuambia Mungu, Weye ndiye nilishuhudia jina yako, basi Weye mwenyewe ubaambie bado. Uniangushe. Na ufanye mbio, sababu inauma."

"Mbona hukunipigia tena?"

"Nilipata haya." Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Niliona midomo yako, nikasema, angalia huyu Muislamu wa batu, ananiombea nitembee, na miye hapa naomba nianguke. Namuvunjia maombi yake. Nitamuangalia na macho gani?"

Tulicheka. Tulicheka hadi jirani akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini, na hatukuweza kumwambia, wala hatukujaribu. Miezi ile yote mimi nilimkwepa kwa ajili ya dua ile, na yeye alinikwepa kwa ajili ya dua ile ile.

Wiki ile akapanda basi la shirika na mabinti zake na fimbo yake. Asubuhi iliyofuata niliamka mapema, nikapiga mswaki, nikakaa karibu na simu, nikijua vizuri kwamba kule alikokwenda ni usiku na watu wamelala. Angeniuliza, ningemwambia nimeamka salama.